Daftari la Vikombe

Mama amelifungua juu ya meza yake, Umoja, ghorofa ya tatu,
daftari langu lenye madoa, anasoma kwa kidole.
Mimi ni fundi wa lifti. Kampuni hunipeleka kozi ng'ambo,
na jioni, wenzangu wakienda kutafuta bia,
mimi hutafuta kahawa.

Nimejiwekea sheria. Usiingie penye picha ya kikombe mlangoni.
Tembea kona mbili kutoka kanisa kuu, ndipo uanze kunusa.
Ukiona wazee wanakunywa wamesimama, hawavui makoti,
simama nao.

Hivyo ndivyo nilivyoijua Trieste.
Lizboni niliijua kwa magoti, mlima juu, mlima chini,
na Vienna mhudumu mwenye tai aliniletea glasi ya maji
juu ya sinia ya fedha, akainama,
nikadhani naapishwa.
Yote nimeyaandika: mtaa, bei, povu, kiti kilichoyumba.

"Na huko," mama anauliza, "hawakukupa chai?"

Ukurasa wa Kopenhageni ameupita haraka,
hapo mwandiko wangu ni mbaya, kulikuwa na mvua.
Niliingia kujikinga tu.
Ukutani, kwa chaki, kwa herufi za kupendeza: KENYA.
Chini yake: zabibu nyeusi, nyanya, ndimu.
Penye miti, wanasema, hapana wajenzi;
wajenzi niliwakuta kule, wana ndevu na mizani,
wanapima maji kama wauza dhahabu.

Nikainamia kikombe kutafuta hiyo ndimu.
Ikanijia leso.
Leso ya mama, saa kumi na mbili jioni, akitoka kinuni Viwandani,
vumbi la maganda kwenye nyusi, harufu ya gunia jipya,
nami mlangoni na sare ya shule, namsubiri aketi nimvue viatu.
Miaka kumi na tisa Gacheri binti M'Ikiara alichambua buni
kwenye mkanda unaotembea:
iliyovunjika huku, nyeusi huku, iliyotobolewa na mdudu huku,
nzuri iache iende.
Nzuri iliachwa, ikaenda.
Sisi tulikunywa chai. Ya maziwa, Jumapili na mandazi.
Wala hatukuona ajabu.

Kijana mwenye ndevu aliuliza kama kuna tatizo.
Nikasema ndimu imeniingia machoni.

Pakiti niliyonunua pale (bei sikumwambia,
naye hakuuliza, ila aliipima mkononi kwa jicho moja)
sasa ameikata kwa kisu cha vitunguu.
Hakuinusa. Alimwaga punje zote kwenye sinia,
akavaa miwani, akavuta kiti karibu na dirisha,
na vidole vikaanza.

Sijawahi kuviona vikifanya kazi.
Watoto hawakuruhusiwa kinuni.
Vimepinda sasa, kimoja hakikunjuki,
lakini vilikimbia kama kuku wanaodonoa,
tiki, tiki, tiki, na redio ya jirani ikisoma taarifa ya habari,
mpaka pembeni mwa sinia zikabaki punje tatu
zilizopauka, ambazo moto ulizikataa.
"Aliyekaa kwenye mkanda siku hiyo," akasema,
"alikuwa na mawazo."

Hatuna mashine. Tulizitwanga kwenye kinu cha tangawizi,
tukachemsha kwa sufuria, tukachuja kwa chujio la chai.
Akanywa. Akakunja uso.
Akatia maziwa, akatia sukari vijiko vitatu, akanywa tena.
"Kumbe ndiyo hii," akasema.
Baadaye kidogo: "Si mbaya."

Nikachukua kalamu niandike: Umoja, ghorofa ya tatu,
kiti hakiyumbi. Kwenye bei nikakwama.

Zile tatu hakuzitupa.
Alizifunga kwenye kipande cha gazeti,
akazitia mfukoni mwa aproni,
nami sikumuuliza ni za nini.